Sura ya Tano: Pato la Mwosha Mazulia

Vijana wanaotaka kuingia katika kazi ya kuosha mazulia na makochi majumbani mwa watu huuliza kwanza kazi hiyo hulipa kiasi gani kwa siku, na wale wanaowauzia mashine, au wanaowafundisha kwa ada, huwajibu kwa hesabu nyepesi isiyo na kosa lolote katika kujumlisha wala katika kuzidisha, ila makosa yake yote yamo katika mambo yaliyoachwa nje. Huambiwa hivi: makochi ya watu saba, kwa shilingi 400 kila kiti, ni shilingi 2,800, zulia la futi 5 kwa 8, kwa shilingi 30 kila futi ya mraba, ni shilingi 1,200, nyumba moja basi ni shilingi 4,000, nyumba tatu kwa siku ni 12,000, na mwezi wa siku 26 za kazi ni shilingi 312,000. Mtu aliyezoea ujira wa kibarua akisikia tarakimu hizo huona mlango wa riziki umefunguka mbele yake, na pengine huuza kipande cha shamba alichorithi, au hukopa, ili apate mashine kabla mwingine hajamtangulia.

Sura hii nimemwandikia yeye, kabla hajakopa. Kazi yenyewe ni ya halali, ina heshima, na humlisha mtu na watoto wake; lakini pato lake halipimwi kwa bei ya nyumba moja wala kwa siku iliyo bora kuliko zote. Hupimwa kwa idadi ya miadi inayotimia katika mwaka mzima, na kwa kile kinachobaki baada ya kila miadi kujilipia gharama zake. Mfano wangu nimeuweka Mombasa, mji wenye mazulia mengi na jua jingi, na pia rutuba nyingi ya hewani ambayo ni adui wa kila kitu kilicholowa. Bei ninazozitaja ni za mfano: Kizingo na Nyali huenda zikazidi, Kisauni na Likoni huenda zikapungua, na msomaji wa Tanga au Nairobi atabadili tarakimu kwa kadiri ya mji wake bila ya kubadili njia ya kuhesabu.

Tuanze na saa, kwa sababu saa ndiyo mtaji wa kwanza wa mtu anayejiajiri, naye huutumia wote hata siku ambayo hakupata kitu. Miadi ya saa tatu asubuhi huanza saa moja na nusu, mashine, ndoo, brashi, dawa na waya mrefu wa umeme vikipakiwa katika tuktuk. Hufuata msongamano wa daraja la Nyali, au foleni ya feri ya Likoni kama mteja yuko ng'ambo. Kisha hodi, na salamu, na mapatano ya pili, kwa kuwa makochi yaliyosemwa kwa simu kuwa ni ya watu watano huonekana kuwa ni ya saba, na stuli mbili juu yake. Vyombo husogezwa. Vumbi hunyonywa kwanza kavukavu, jambo ambalo wenye pupa huliruka, na kwa kuliruka hulifanya vumbi kuwa tope. Rangi hujaribiwa pembeni kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Dawa hupulizwa ikaachwa dakika kumi hadi kumi na tano ifanye kazi yake, ndipo brashi ipite, ndipo maji yapigwe na kuvutwa, ndipo yavutwe tena bila ya kupigwa mengine, mara mbili, mara tatu, mpaka kinachoonekana kikipita katika kifuniko cha kioo ni matone. Mashine ndogo walizo nazo wengi huchukua takriban lita 10 za maji safi kwa mara moja, kwa hiyo katika nyumba moja mtu huzijaza na kuzimwaga mara nyingi, akipanda na kushuka ngazi ikiwa bomba la juu limekauka; na katika mitaa mingi ya Mombasa maji hayatoki kila siku, hata swali la kwanza ambalo fundi mwenye busara humwuliza mteja, kabla ya idadi ya viti, ni kama tangi lina maji.

Nyumba ya shilingi 4,000, ikifanywa na watu wawili kwa insafu, huchukua saa mbili na nusu hadi tatu, na njia ya kwenda na kurudi huongeza saa moja na nusu. Siku yenye nyumba mbili, basi, ni siku njema iliyojaa. Nyumba ya tatu huwezekana, lakini huoshwa usiku na mikono iliyochoka, na uchovu huo hujidhihirisha hasa katika kule kuvuta maji, ambako ndiko kwenye dhiki na ambako mteja hakuoni. Makochi huachwa yameloa ndani ya sponji, siku ya tatu hutoa harufu, na fundi hurudi kuyaosha bure. Aliyeahidiwa nyumba tatu kwa siku, siku 26 kwa mwezi, aliahidiwa kazi ya watu wanne, na hapo bado hatujauliza wateja 78 wa kila mwezi watatoka wapi.

Tangu asili yake, gharama kubwa ya kazi hii imekuwa ni kuufuata mlango wa mteja. Mwingereza Hubert Cecil Booth, aliyepata hataza ya mashine yake ya kunyonya vumbi mwaka 1901, hakuanza kwa kuwauzia watu mashine, kwa kuwa ilikuwa kubwa mno kuingia nyumbani. Aliipandisha juu ya gari la kukokotwa na farasi, ikiendeshwa kwa injini ya petroli, akaisimamisha barabarani na kupitisha mipira mirefu madirishani, akalipwa kwa ule utumishi. Mwaka 1902 mazulia ya Westminster Abbey yalisafishwa kwa mashine yake kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme Edward VII, na jina lake likaenea katika nyumba za wakubwa. Farasi, dereva, mafuta, na saa za njiani: mambo hayo yote tuktuk imeyarithi, na mwosha mazulia wa leo ambaye hayatii katika bei yake huyalipa kutoka katika chakula chake.

Baada ya saa huja majira, na hapa nitakawia, kwa kuwa sijaona jambo linalowapotosha watu wa kazi hii kuliko kuuona mwezi mmoja wa neema wakaudhani kuwa ndio kiasi cha miezi yote.

Mwosha mazulia wa pwani huishi chini ya kalenda mbili. Ya kwanza ni ya jua na mvua. Kaskazi inapovuma, tangu Disemba hadi Machi, makochi yaliyooshwa asubuhi na kuwekewa feni hukaliwa usiku; masika yanapoingia, na hasa Mei, mwezi ambao Mombasa hupata mvua nyingi kuliko mwingine wowote, makochi hayohayo huweza kukaa siku nzima na usiku wake yakiwa bado na ubaridi ndani, na mama wa nyumba, ambaye anajua hivyo kuliko fundi, husema ataita mvua ikipusa. Kalenda hiyo ina Januari pia, ambayo hewa yake ni kavu lakini mifuko yake ni mikavu zaidi, kwa sababu ya karo za shule. Na ina Disemba, wageni wa bara wanapoteremka pwani, na wenye nyumba za kupangisha kwa siku, huko Nyali na Bamburi, wanapotaka kila kitu kioshwe baina ya mgeni atokaye asubuhi na mgeni aingiaye jioni.

Kalenda ya pili ni ya mwezi mwandamo. Katika Shaabani harusi huwa nyingi na majumba hutengenezwa kuipokea Ramadhani. Mazulia ya misikiti huoshwa, aghalabu kwa sadaka ya mtu mmoja asiyetaka kutajwa. Na katika kumi la mwisho la mfungo kila nyumba hutaka makochi yawe tayari kwa wageni wa Idi, kwa siku zilezile, na kama inawezekana kwa saa ileile. Hupoa Mfungo Mosi na Mfungo Pili, hupanda kidogo Mfungo Tatu kwa Idi ya Hija, na hupanda tena Mfungo Sita katika nyumba zinazosoma Maulidi.

Kalenda hizi mbili haziendi sambamba, na kutokwenda sambamba kwao kuna taathira kubwa katika pato. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Mwaka 2021 ilianza katikati ya Aprili, na Idi ikaangukia katikati ya Mei, ndani ya masika yenyewe, hata haja kubwa ya kuoshewa ikakutana na hewa mbaya kuliko zote ya kukausha. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, kabla ya mvua kushika, na kila aliyeosha alikausha. Itazidi kurudi, mpaka mwaka 2030 itaanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Disemba, na hapo pilikapilika za kuipokea Ramadhani na zile za wageni wa Disemba zitagongana, fundi awe na miadi asiyoiweza katika wiki mbili na miezi mirefu mitupu baada yake. Mtu anayelisoma daftari lake la mwaka jana ili kukisia mwaka ujao, asiposoma na mwezi mwandamo, hujikuta ameajiri wasaidizi katika mwezi usio na kazi.

Sasa tuweke hesabu ya mwaka, ya fundi aliyekwisha julikana, si ya anayeanza. Tumpe miadi 300 iliyotimia, yaani wastani wa 25 kwa mwezi, tukijua kwamba mwezi mmoja huenda ukawa na 42 na mwingine 11. Tumpe wastani wa shilingi 3,600 kwa kila nyumba, maana si kila nyumba ina makochi saba, na ni wachache wasioomba kupunguziwa. Mauzo yake ya mwaka ni shilingi 1,080,000. Nauli ya tuktuk, shilingi 600 kwa kila miadi, ni 180,000. Msaidizi, shilingi 800 kwa kila miadi, ni 240,000. Dawa na sabuni, shilingi 250 kwa kila miadi, ni 75,000. Uchakavu wa mashine pamoja na matengenezo yake, 60,000. Simu, bando na matangazo, 60,000. Leseni ya kaunti na mengineyo ya namna hiyo, 15,000. Fidia na kurudia kazi bure, 30,000. Jumla ni shilingi 660,000. Tena, kwa kuwa mauzo yake yamepita shilingi milioni 1 kwa mwaka, huingia katika kodi ya mauzo, ambayo nchini Kenya tangu Julai 2023 ni asilimia 3, na hutozwa juu ya mauzo yote wala si juu ya faida. Nayo ni shilingi 32,400. Kinachobaki ni shilingi 387,600 kwa mwaka, yaani 32,300 kwa mwezi. Katika hizo atatoa mchango wa bima ya afya ya jamii, ambao tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya pato, takriban shilingi 888, na akiba ya uzee ikiwa ana hima ya kuiweka.

Shilingi 32,300 ni moja ya kumi, na kidogo juu yake, ya zile 312,000 alizoahidiwa. Sisemi hivyo kumvunja moyo mtu. Mji huu una watu wengi wenye kazi za kuajiriwa ambao hawazipati, na mwenye kuzipata kwa mikono yake, bila ya msimamizi wa kumtukana, amepata jambo la thamani. Nasema hivyo ili asikope kwa kutumainia zile 312,000, kwa kuwa mkopo hulipwa kwa mwezi na miadi haiji kwa mwezi, na Mei ikifika mwenye deni hatasikiliza habari za masika. Na yule anayeanza asitarajie hata hizo: mwaka wake wa kwanza, akipata nusu ya miadi hiyo, atakuwa amefanya vyema, ilhali uchakavu, simu na leseni havitampunguzia nusu.

Watu wakiiona hesabu hiyo hukimbilia kutafuta wateja wapya. Kwa maoni yangu dawa iko kwingine. Ikiwa mteja humwita fundi mara moja tu asimwite tena, miadi 300 huhitaji nyumba mpya 300 kila mwaka, na kila nyumba mpya hununuliwa kwa tangazo, kwa maelezo marefu ya simu, na kwa punguzo la kumvuta. Lakini mteja anayemrudia mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya Ramadhani na mara moja kabla ya Disemba, huifanya idadi hiyo itimie kwa nyumba 150 tu, ambazo fundi anazijua milango yake, matangi yake, vitambaa vyake na watoto wake. Nyumba 150 ni kitu ambacho mtu mmoja anaweza kukishika katika daftari la kawaida, lenye jina, mtaa, kilichooshwa, doa lililokataa kutoka na sababu yake, na tarehe ya kukumbushana. Ujumbe mmoja wa murua, miezi mitano baada ya kazi njema, huleta miadi kuliko picha mia za makochi ya watu wengine.

Hufuata nyumba jirani. Nauli ya shilingi 600 huliwa na miadi moja au huliwa na mbili, na katika majumba ya ghorofa ya Tudor au Nyali fundi anayemwambia mteja kwamba jirani akiosha siku hiyohiyo wote wawili watapunguziwa shilingi 200, amejipunguzia mwenyewe shilingi 600 za njia pamoja na saa zake. Miadi 150 kati ya 300 ikiwekwa jozi kwa jozi, safari 75 hazifanywi, na shilingi 45,000 hubaki, ambazo kwa punguzo la 200 kwa kila mmoja hurudi 15,000. Kikubwa zaidi ni kuongeza kazi katika nyumba ambayo mtu amekwisha fika: godoro, viti vya mezani, viti vya gari lililo uani. Wastani ukipanda kutoka 3,600 hadi 4,100, miadi ileile 300 huleta shilingi 150,000 zaidi. Tuondoe 15,000 za dawa na 4,500 za kodi, hubaki 130,500. Kwa mambo haya mawili pato la mwezi hufikia takriban shilingi 44,400, na hakuna mteja mpya hata mmoja aliyetafutwa.

Miadi iliyoandikwa siyo miadi iliyotimia. Maji hukatika, umeme hukatika, msiba huingia, mgeni huja bila ya kutarajiwa. Na wengine huahirisha kwa kuwa walimwita fundi mwingine wa bei nafuu, wakaona haya kusema. Kwa yaliyo ya Mungu fundi hana budi kusamehe, na asamehe kwa uso mkunjufu, maana aliyefiwa humkumbuka. Kwa mengine arbuni ndiyo kinga, na tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2007 haina taabu kuitoa wala kuipokea: shilingi 500 kwa anayekaa mbali, Mtwapa au ng'ambo ya feri, zikahesabiwa katika bei siku ya kazi. Wapo mafundi wanaoogopa kuiomba wasije wakamkosa mteja. Mteja anayekataa kuweka 500 katika kazi ya 4,000 amekwisha kumpa fundi habari muhimu.

Kuhusu ile fidia ya shilingi 30,000 niliyoitia katika hesabu, ambayo wengi hawaitii, ni lazima niseme neno, kwa sababu taksiri moja huweza kula pato la mwezi. Nyuzi hazifanani. Zulia la sufi halipendi dawa kali ya magadi wala maji ya moto sana. Zulia lenye mgongo wa juti likiloweshwa kupita kiasi hutoa rangi ya kahawia juu, likaonekana chafu kuliko lilivyokuwa kabla ya kuoshwa. Nyuzi za viskosi, zinazong'aa mfano wa hariri na kuuzwa na baadhi ya watu kwa jina la hariri, hulegea zikiwa na maji, na brashi ngumu huzikatakata. Mazulia yaliyofumwa kwa mkono, aliyoletewa bibi wa nyumba kutoka Omani au Uajemi na marehemu mumewe, huweza kuchuja rangi nyekundu ndani ya nyeupe kwa dakika moja, na hapana fedha ya kulipia kitu cha namna ile. Fundi asiyelijua zulia analoliangalia na aseme wazi kwamba halijui, aliache likae, aoshe makochi peke yake na kuchukua 2,800. Katika ile mizani ya mwaka shilingi 1,200 alizoziacha ni kitu kidogo sana.

Limebaki suala la mashine ya pili, ambalo huja akilini kwa kawaida katika wiki ya mwisho ya Ramadhani, simu inapolia bila ya kukoma na watu wanarudishwa. Wakati huo ndio mbaya kuliko wote wa kuamua. Mashine ya pili haiji peke yake. Huja na mtu wa kuaminika wa kuiongoza, na msaidizi wake, na tuktuk yake, nao wote hula Januari na Mei sawasawa na wanavyokula Shaabani. Katika daftari na aandike kila mteja aliyemrudisha kwa kukosa nafasi, na mwezi aliomrudisha. Ikiwa waliorudishwa wote wamo katika Ramadhani na Disemba, akodi mashine ya mwenzake kwa wiki hizo, kama wafanyavyo wengi, na kumlipa kwa siku. Ikiwa wamo pia Julai, Agosti na Septemba, miezi ambayo kwa sasa haina Idi wala wageni wa Disemba, na hali hiyo imedumu miaka miwili, basi anunue, na yule msaidizi aliyebeba ndoo ngazi zote hizo kwa shilingi 800 awe wa kwanza kuulizwa kama anataka kuishika mashine ile, kwa sehemu katika faida yake.